Kiti cha Mtu Mmoja

Ukikalia kiti cha pikipiki kisichokuumiza mgongo, huenda kilipita mikononi mwa Fundi Viti. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, kati ya duka la vipuri na kibanda cha kinyozi, na ajabu yake ni kwamba humo ndani hamna pa kukaa, maana kila kiti kilichomo kimechunwa ngozi. Sponji zimerundikwa hadi darini. Gundi inanuka mpaka mteja akisimama sana anaanza kusahau alichofuata. Mwenyewe hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sindano mdomoni, na ukimuuliza kazi yako itakwisha lini, anakujibu "kesho" bila kuitoa ile sindano.

Hiyo kesho yake ndiyo iliyomponza, na wala si kwa wateja.

Mkewe ni mkunga wa zahanati. Nusu ya vijana wa mtaa ule walishikwa na mikono yake kabla ya kushikwa na mama zao, kwa hiyo hata mlevi akikutana naye njiani anajikaza, anasimama wima na kumwamkia. Nyumbani wao ni Mama Pacha na Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti wao wawili waliokwisha kuhamia kwa waume zao. Kwenye klabu ya pikipiki mke huitwa Sista, na mume anabaki kuwa Fundi.

Klabu yenyewe inaitwa Vumbi, na jina hilo linajieleza. Jumapili moja kila mwezi hutoka asubuhi kwenda kuzunguka barabara za mashambani, ambako lami haijafika wala haina haraka ya kufika. Kapteni wao ni karani wa benki, mtu wa tai na kalamu mfukoni, lakini akishavaa helmeti anakuwa mtu mwingine. Yeye ndiye anayeijua njia, na ndiye anayetangulia. Huko simu hazishiki, na vumbi likiinuka humwoni hata aliye mbele yako, sembuse kiongozi. Basi wakajitungia utaratibu. Kila wakifika njia panda, Kapteni anaonyesha chini kwa kidole, na anayemfuata anasimama hapo, anakuwa kigingi. Kazi ya kigingi ni kuwaonyesha wenzake pa kukata. Penye njia panda mbaya huachwa vigingi viwili. Na kigingi hakiondoki mpaka apite mfunga mkia, mtu wa mwisho kabisa. Mfunga mkia akiinua mkono, maana yake nyuma hakuna mtu tena, ng'oka, kimbilia mbele ukarudie nafasi yako. Akipita mikono iko kwenye usukani, maana yake kuna mwenzao nyuma ameharibikiwa au ameumia, na yeye anakimbilia mbele kuita msaada. Hapo kigingi kinabaki kumngoja aliyeachwa, hata jua limpasue utosi.

Mfunga mkia, miaka yote, alikuwa Fundi Viti. Anabeba viraka, pampu na plagi za akiba, na hana papara. Watu walimtania kwamba amekula vumbi la kutosha kufyatulia matofali, naye akawajibu kwamba kutangulia si kufika. Tena vumbi hilo hakulila peke yake. Nyuma yake, juu ya kiti kipana alichokishona kwa mikono yake na kukiwekea egemeo, alikaa Mama Pacha, mikono yake kiunoni kwa mumewe, akimwimbia sikioni nyimbo ambazo upepo ulizikata katikati. Kwa mtu wa namna ile, hicho kilikuwa cheo tosha.

Halafu Mama Pacha akataka kuendesha mwenyewe. Aliomba afundishwe. Fundi akasema kesho. Akaomba tena baada ya mvua, Fundi akasema ardhi bado ina utelezi. Ardhi ilipokauka akasema kuna vumbi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mkunga anajua kuliko wote kwamba kuna mambo hayangoji. Siku moja akaja nyumbani na michubuko kwenye viwiko na tabasamu la masikio mawili. Alikuwa amefundishwa kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe, na aliyemfundisha ni Bwana Mifugo.

Bwana Mifugo ni mwanachama mwenzao, daktari wa ng'ombe, mjane, mwenye sauti kubwa na meno mazuri. Alimwita Sista dada, kwa hiyo Fundi akawa shemeji. "Shemeji, umeoa simba," alimwambia siku ile. Fundi akacheka na wengine. Undugu wa kuazima, alijisemea moyoni, na tangu siku hiyo akamwekea kinyongo.

Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe hakusema: alikuwa na wivu. Hakushuku kwamba mkewe anatoka nje. Hilo asingethubutu hata kuliota. Wivu wake ulikuwa wa mambo madogo, ndiyo maana haukuwa na dawa. Wale wawili walikuwa na lugha moja. Mmoja anazalisha watu, mwingine anazalisha ng'ombe, na wakikutana ni hadithi za waliotanguliza miguu na waliogoma kutoka. Fundi angechangia nini? Sponji haizai.

Mama Pacha aliponunua pikipiki yake, ndogo, nyekundu, ya mkono wa pili, Fundi alijitolea kuishonea kiti. Alikishona vizuri, uzi mweupe juu ya ngozi nyeusi, kazi ya kuonyesha watu. Lakini alikikata chembamba na kifupi. Kilikuwa kiti cha mtu mmoja. Alimwambia mkewe kwamba ndiyo mtindo wa siku hizi. Ukweli ni kwamba, kila alipopiga sindano, alikuwa akihakikisha kwamba hakuna binadamu mwingine atakayepata mahali pa kuweka makalio yake pale. Mke akashukuru, akakikalia, na hakusema neno.

Jumapili tunayoizungumzia walitoka asubuhi, anga safi. Sista alikuwa mbele, wa tatu kutoka kwa Kapteni. Wa pili alikuwa nani? Huna haja ya kuuliza. Fundi alikuwa mwisho kabisa, ndani ya kizibao chake cha rangi ya chungwa kinachomtambulisha mfunga mkia, na nyuma ya mgongo wake kile kiti kipana kikidunda kitupu kwenye kila shimo.

Njia panda ya kwanza ilikuwa penye mashine ya kusaga. Kapteni alikuwa ameacha vigingi viwili. Fundi akawakuta wamevua helmeti, wanapokezana chupa ya maji, mkewe anacheka mpaka ameshika mbavu. Aliinua mkono. Wakavaa haraka, wakaondoka mbele yake, na akala vumbi lao wote wawili. Njia panda ya pili ilikuwa penye kituo cha kukusanyia maziwa, na mambo yakawa yale yale, ila safari hii Bwana Mifugo alikuwa akielekeza jambo kwa mikono, kama mtu anayevuta kitu kizito kutoka mahali pa siri, na Sista anafuta machozi ya kicheko. Fundi akainua mkono, lakini nusu. Njia nzima kutoka hapo alihesabu ni lini mara ya mwisho yeye alimchekesha mtu mpaka akalia.

Kisha wakafika kwenye daraja la chini, lile ambalo mto hupita juu yake msimu wa mvua. Siku hiyo maji yalifika vifundoni, mekundu, na yalikuwa na nguvu kidogo. Wote wakavuka salama, mmoja mmoja, Fundi akiwa wa mwisho. Alipanda mteremko wa upande wa pili, akakata kona, na hapo mbele kulikuwa na njia panda ya tatu, yenye kibao cha zamani kilichoota kutu.

Bwana Mifugo alikuwa amekaa juu ya pikipiki nyekundu. Alikuwa amekikalia kile kiti, amejikunyata aenee, anajisogeza huku na huku, na Sista amesimama pembeni, mkono kiunoni, anacheka.

Damu ilimpanda Fundi kichwani. Kila mshono wa kile kiti aliupiga kwa kumfikiria mtu huyu asikikalie, na sasa amekikalia, tena kinamtosha. Mkewe akageuka, akamwona anakuja, akanyoosha shingo kuutazama mkono wake. Fundi akaikaza mikono yote miwili kwenye usukani, akatazama mbele, akapita. Alimnyima mkono jinsi mtu anavyomnyima jirani salamu. Alitaka tu aumie, kama alivyoumia yeye. Kwa dakika ile hata hakukumbuka kwamba mkono huo una kazi nyingine.

Chakula cha mchana walikula kwenye stesheni ya zamani ya reli, isiyo na treni siku hizi, yenye benchi za zege na kivuli cha kutosha. Fundi alifika, akakuta chupa za chai zimefunguliwa, mikate na mayai ya kuchemsha vimepangwa juu ya gazeti. Kapteni alipomwona mfunga mkia akizima injini yake, akauliza wale wawili wako wapi. Fundi akasema wanakuja. Akamenya yai. Akalila bila chumvi, akitazama barabara, akijitayarisha kutomtazama mkewe atakapofika. Alikuwa ameshachagua hata upande wa kugeuzia uso.

Hawakuja. Alikunywa chai, hawakuja. Wazo lake la kwanza, na ninalisema ili mjue wivu unavyomla mtu akili, lilikuwa kwamba wamefurahi kubaki. Kwamba wameona Fundi amepita, wakasema afadhali. Alikuwa hapo hapo kwenye wazo hilo, analitafuna pamoja na mkate, Kapteni alipomjia na kusimama mbele yake.

"Fundi," alisema, "pale uliinua mkono?"

Fundi akauweka mkate chini. Ndipo alipoliona jambo lote, mwanzo hadi mwisho. Hawakubaki kwa raha. Walibaki kwa sababu yeye aliwaambia wabaki. Aliwaambia, kwa lugha ambayo klabu nzima inaifahamu, kwamba nyuma kuna mtu, na nyuma ni mtoni.

Alichukua helmeti, akapiga kiki, akarudi alikotoka.

Alimkuta mkewe pale pale penye kibao cha kutu. Pikipiki nyekundu ilikuwa imeegeshwa inavyotakiwa, pua ikielekea njia ya kukata. Hakuwa na helmeti kichwani. Alikuwa ametandika shuka kando ya barabara, na juu yake amepanga bandeji, mkasi, chupa ya dawa ya vidonda na vijiti viwili vinyoofu vya kufungia mfupa uliovunjika. Mikono yake ilikuwa tayari ndani ya glavu za zahanati, na jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Hakukuwa na kivuli hapo, wala hakuwa ameondoka kwenda kukitafuta.

"Nani kaumia?" alimuuliza, kabla hajazima injini. "Mbona huji na gari?"

Fundi akazima injini. Mkewe akamweleza kwa haraka kwamba Bwana Mifugo amerudi kule darajani kumtafuta, yeye amebaki kuilinda njia, na kwamba walijaribu kukumbuka ni nani hawakumwona akipita, wakashindwa, kwa ajili ya vumbi. Alikuwa bado anaeleza wakati Bwana Mifugo alipotokea kwenye kona, anaikokota pikipiki yake kwa miguu. Alikuwa amelowa kuanzia kifuani kwenda chini. Pikipiki inadondosha maji. Kwenye usukani alikuwa amening'iniza kiatu kimoja cha mtu mzima, cha ngozi, kimejaa matope.

Yale meno yake mazuri hayakuonekana hata moja. Aliiegesha pikipiki, akakishika kile kiatu kwa mikono miwili, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua ikawa ya mtu wa kawaida.

"Shemeji, nimekipata hiki tu," alisema. "Nimeingia mpaka chini ya daraja, nimepapasa kote. Maji yale si marefu, lakini yanavuta. Niambie ni nani, nijue namwita kwa jina gani."

Basi hapo Fundi alipewa njia ya kutokea. Kiatu kile kilikuwa uongo uliokamilika, kimebaki kupokelewa tu. Angeweza kusema alimwona mpita njia fulani ameanguka. Angeweza kusema mtu huyo amekwisha kuokolewa na watu wa shamba. Uongo huo ulimjia mdomoni ukiwa umeshonwa tayari, nao ungeshika mpaka jioni, maana njia ya mwongo ni fupi lakini kwa kawaida humfikisha nyumbani. Kisha akaitazama mikono ya yule bwana. Kucha zilikuwa zimejaa udongo wa mtoni.

"Hakuna mtu," Fundi alisema.

"Hakuna mtu wapi?" mkewe aliuliza.

"Nyuma. Hakuna aliyebaki. Wote walivuka." Akamgeukia Bwana Mifugo. "Nilikuona umekaa kwenye kile kiti. Nikakasirika. Nikapita."

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Bwana Mifugo aliketi chini barabarani, kiatu mapajani, akakitazama kama anayesoma. Mama Pacha alianza kuvua glavu, kidole kimoja kimoja, bila haraka.

"Kile kiti kinaniumiza," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Ni chembamba, na kuna mahali kinachoma. Nikamwambia hebu kaa uone, labda ni mimi. Akakaa, akasema dada, hata ng'ombe angelalamika. Ndicho tulichokuwa tunacheka."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ni fundi viti, Baba Pacha. Ningekuambiaje?"

Hilo lilimchoma kuliko tusi lolote. Alipiga magoti kwenye pikipiki ya Bwana Mifugo, akafungua plagi, akaikausha kwa pindo la shati lake, akamwaga maji yaliyoingia kwenye bomba la moshi, akapiga kiki mpaka paja likawaka moto na injini ikakohoa, ikakubali. Bwana Mifugo akasema ahsante. Alisema, "Ahsante, Fundi." Ule ushemeji aliouchukia kwa miezi mingi ulikuwa umeondoka, na Fundi akashangaa kuona kwamba pengo lake linauma.

Mama Pacha alikunja shuka lake, akafunga mkoba. Kisha akamjia mumewe, akanyoosha mkono. Fundi alidhani anataka kushikwa. Alikuwa anataka kizibao. Akakivua, akampa, naye akakivaa juu ya koti lake, kikampwaya.

"Tangulia," alimwambia.

Hivyo ndivyo Fundi Viti, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya klabu, alivyorudi nyumbani akiwa mbele. Kapteni aliwasikiliza kule stesheni, akatikisa kichwa, akasema maneno machache ambayo hatutayarudia hapa, na akamweka mkosaji nyuma yake hasa, wa pili, apate kumwona. Hewa ya mbele ni safi. Mtu anaona mashamba, anaona ndege wakiruka kwenye mahindi. Fundi hakuona. Alitazama kioo cha pembeni, na ndani yake kulikuwa na vumbi tupu, na mahali fulani ndani ya vumbi hilo alikuwako mkewe, peke yake, akilila.

Kwenye njia panda ya mwisho, penye tanuri la matofali, Kapteni akaonyesha chini kwa kidole. Fundi akasimama, akawa kigingi. Wenzake wakapita mmoja mmoja, wengine wakimkwepa macho. Bwana Mifugo alipita akampa ishara ndogo ya kichwa, ya ustaarabu. Njia ikatulia kidogo. Kisha ikaja ile nyekundu, na kizibao cha rangi ya chungwa.

Fundi aliutazama mkono wake, kama wote wanavyotazama.

Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Mama Pacha alipita akitazama mbele, akapanda kilima, akatoweka upande wa pili.

Nyuma hapakuwa na mtu. Hilo Fundi alilijua vizuri. Mfunga mkia akishapita, nani tena? Angeweza kupiga kiki na kumfuata, na hakuna sheria ya dunia ambayo ingemkamata. Alishuka, akaiegesha pikipiki pua ikielekea njia ya kukata, akavua helmeti, akasimama. Jua lilikuwa upande wa uso. Mfyatua matofali mmoja alimuuliza kama ameishiwa mafuta, akamwambia hapana, anamngoja mtu. Akaulizwa yuko wapi mtu mwenyewe. Akasema hajui.

Alisimama hapo mpaka wafyatuaji wakaanza kunawa miguu. Wivu wote ulikuwa umemtoka na kilichobaki ni hofu, ile aliyokuwa nayo mkewe kando ya kibao, hofu ya kumngoja mtu usiyemjua jina. Aliwaza glavu zile, na vijiti vile viwili, na jinsi alivyovichagua vinyoofu.

Ndipo akasikia injini. Aliijua tangu mbali, kwa maana yeye ndiye huisafisha kabureta kila mwisho wa mwezi. Pikipiki nyekundu ilitokea juu ya kilima, ikasimama pale pale kileleni, haikuteremka. Mama Pacha alinyanyuka kidogo kwenye kile kiti chembamba, akapumzisha mgongo. Kisha akainua mkono juu, wote, ukanyooka, akageuza pikipiki na kuondoka.

Fundi akapiga kiki, akamfuata.